Msitu wa Thawabu

Siku ya nne Guangzhou, Mama alikuwa bado anaishi kwa mkate, ndizi na chai ya rangi. Alitoka Kariakoo kuja kununua vitambaa vya mapazia, nami nilikuwa mkalimani wake. Jioni ya siku ya kwanza tuliingia hoteli moja ya mtaani tukaagiza bilinganya. Niliuliza kwa Kichina kilichonyooka kama zina nyama, nikajibiwa hazina. Mama alipofika katikati ya sahani akakuta chembe za nyama ya kusaga, nayo ilikuwa ya nguruwe. Yule mpishi hakukusudia kutudanganya. Kwake kijiko kimoja cha nyama ya kusaga ni kiungo, kama nyanya kwetu. Lakini Mama aliinuka, akaenda kusukutua mdomo mara tatu, na tangu saa ile hakuamini tena jiko lolote la mji ule. Nilimpeleka kwenye tambi za Waislamu wa Lanzhou, ambazo Guangzhou zipo kila mtaa. Akasimama mlangoni, harufu ya mchuzi wa kondoo ikampanda kichwani, akageuka.

Ijumaa nilitoka kuswali msikiti wa Huaisheng, ule wenye mnara mrefu mweupe ambao wenyeji huuita Mnara wa Taa. Nikamkuta Mama ananisubiri nje, ameegemea ukuta, amechoka. Nikamwambia, "Mama, twende kwa watawa." Tukakata vichochoro, mwendo mfupi tu, mpaka karibu na hekalu la Liurong, ambalo nalo lina mnara wake, Mnara wa Maua, wa mita 57. Pembeni ya mahekalu ya Kibudha nchini China mara nyingi hakukosi mgahawa usiopika nyama, na huku nako upo. Nilikuwa nimeshakula humo mara nyingi na kuuamini. Hamna nguruwe wala mafuta yake. Mayai hayaguswi, na pombe haiingii jikoni, kwa sababu ulevi ni mojawapo ya makatazo matano ya kila Mbudha.

Nikaagiza. Likaja sinia, na juu yake bata. Ngozi ya kahawia inang'aa, imekatwa vipande vya kulala upande kama wanavyokata bata wa kuchoma kwenye madirisha ya maduka, na mchuzi mzito umemwagiwa juu.

Mama akaniangalia. "Mwanangu, huyu bata kachinjwa na nani?"

"Hakuchinjwa, Mama. Hajawahi kuwa hai."

Nikamweleza. Ukichemsha maziwa ya soya, utando hujikusanya juu yake kama malai juu ya maziwa ya ng'ombe. Utando huo huinuliwa kwa kijiti, ukatundikwa ukauke. Kisha karatasi zake hupangwa moja juu ya nyingine, kila moja ikipakwa mchuzi wa soya na sukari kidogo, zikakunjwa, zikapikwa kwa mvuke, mwisho zikakaangwa. Mama akagusa kipande kwa ncha ya kidole. Akala. Akala tena. Alipomaliza sinia akauliza swali lililonishinda siku ile: "Sasa kama hawataki nyama, kwa nini wakamfanya bata?"

Nimeulizwa swali hilo na watu wengi baada yake, wengine kwa kebehi. Huwa wanadhani wamewakamata Wabudha katika unafiki, kwamba mdomo umeacha nyama na roho haijaacha. Mimi siamini hivyo, na imenichukua miaka ya kusoma na kuuliza kuweza kusema kwa nini.

Watu wengi huanza kwa kudhani kwamba Budha alikataza nyama. Hakukataza. Watawa wake wa kwanza, huko India, waliishi kwa bakuli: asubuhi wanapita nyumba kwa nyumba, wanapokea wanachotiliwa. Asiyepika hachagui. Nyama waliruhusiwa kwa masharti matatu: mtawa asione mnyama akichinjwa kwa ajili yake, asisikie kwamba amechinjwa kwa ajili yake, wala asiwe na shaka ya jambo hilo. Devadatta, ndugu wa ukoo wa Budha, alimtaka awakataze watawa wote nyama na samaki. Budha akakataa, akasema anayetaka kuacha na aache mwenyewe. Mpaka leo watawa wengi wa Sri Lanka, Thailand na Myanmar hula nyama wakipewa. Wasinhala waliojenga hekalu lao Dar es Salaam, pale Upanga, tangu zama za Waingereza, ni wa mkondo huo. Ukipita pale usitegemee kuona bata wa soya.

Bata ni wa China, na safari yake inaanzia kwa mtu mmoja.

Mtu huyo ni Mfalme Wu wa Liang, aliyetawala kusini mwa China tangu mwaka 502 hadi 549, makao yake yakiwa mji unaoitwa leo Nanjing. Wakati wake vilikuwa vimekwisha kutafsiriwa kutoka Kisanskriti vitabu vya mkondo wa Mahayana vinavyosema wazi kwamba mwenye huruma kwa viumbe hawezi kuwala. Mfalme alivisoma akavichukua kwa uzito ambao hakuna mtawala kabla yake aliyeuchukua. Mwenyewe alikula mlo mmoja kwa siku, kunde na wali wa mchele usiokobolewa vizuri. Mwaka 517 akatoa amri ambayo kwangu ndiyo kuzaliwa kwa yule bata wa Mama. Tangu zama na zama wafalme wa China walichinja ng'ombe, kondoo na nguruwe kuwatolea wahenga wao sadaka. Wu akaamuru katika hekalu la wahenga damu isimwagike tena, na mahali pa wanyama wawekwe wanyama wa unga uliokandwa.

Kelele zilipigwa nchi nzima. Watu walisema wahenga hawatalishwa tena. Kwa Wachina wa wakati ule, mzimu usiopata damu ni mzimu ulioachwa na ukoo wake, na hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Ukiitazama amri ile kwa jicho hilo utaona Wu alikuwa akifanya nini. Angeweza kuwapelekea wahenga bakuli la mboga. Hakufanya hivyo, kwa sababu wahenga hawakuwa Wabudha, na haikuwa haki kuwanyima sura ya karamu waliyoizoea kwa sababu tu mjukuu amebadilika. Akawakandia ng'ombe wa unga. Mara ya kwanza nilipoona habari hii niliandika pembeni ya ukurasa: heshima.

Miaka michache baadaye aliwaita watawa wa kiume na wa kike kwenye kasri, wakasomeana vitabu, wakabishana, na mwisho akawafungia mlango. Mtawa atakayekula nyama au kunywa pombe ataadhibiwa kwa sheria ya dola. Kutoka hapo watawa wa China na nyama wakaachana, na wakaachana kweli. Kwa vile mahekalu ya China yalikuwa na mashamba na majiko yao, mtawa hakuwa tena mtu wa kupokea chochote kilichotiwa bakulini. Alipika, na anayepika anaweza kuchagua.

Hekalu la Liurong, nilipokwenda na Mama, lilijengwa mwaka 537, katika utawala wa mfalme huyo huyo. Jina lake la sasa, Miti Sita, ni la baadaye sana. Mshairi Su Dongpo alipita hapo mwaka 1100 akitoka uhamishoni, akaona miti sita iliyotanda kama mikuyu, akayaandika maneno hayo mawili kwa mkono wake.

Husimuliwa pia kwamba mtawa Bodhidharma aliposhuka bandarini Guangzhou kutoka India aliitwa mbele ya Mfalme Wu. Mfalme akamuuliza: nimejenga mahekalu, nimenakilisha vitabu, nimewatunza watawa, je, nina thawabu kiasi gani? Mgeni akamjibu kwamba hana hata moja. Huenda wawili hao hawakuonana kamwe, lakini Wachina wengi wanaijua hadithi hiyo, nami naiweka hapa kwa sababu neno lile la thawabu, gongde, litarudi.

Mwisho wa Wu ulikuwa mchungu. Mwaka 548 jemadari Hou Jing aliuzingira mji. Wahenga wa mfalme walikuwa wamepewa ng'ombe wa unga, sasa mboga zikaisha hata jikoni mwa kasri, na mzee yule akalazimika kula mayai aliyoletewa. Mji ulipoanguka akashikwa, chakula kikapunguzwa. Akiwa na miaka 85, amelala kitandani, mdomo ukawa mchungu, akaomba asali. Hakupewa. Akafa. Siwezi kupita habari hiyo bila kusimama kidogo. Wanaojadili leo kama mla mboga ale mayai au asali watamkuta mfalme huyo amelala katikati ya mjadala wao.

Karne tatu zikapita, akatokea afisa wa nasaba ya Tang aitwaye Cui Anqian, gavana wa Sichuan, Mbudha aliyeshika dini na kula mboga miaka yote. Lakini gavana hana budi kuwakaribisha maofisa, na maofisa hawakuwa na nadhiri yoyote. Cui akawafanyia karamu. Kwa unga na kiazi cha konjaki, vikatiwa rangi, wapishi wake walitengeneza bega la nguruwe, mguu wa kondoo na nyama za kuchoma, vyote vikionekana kama vyenyewe. Mwandishi aliyeihifadhi habari hiyo anasema watu walimfananisha na Mfalme Wu wa Liang.

Hapo ndipo nilipopata jibu la Mama. Mwenyeji hali nyama, mgeni anakula. Kumchinjia mgeni ni kuvunja nadhiri, kumpa mgeni mboga za mtawa ni kumvunjia heshima. Sisi watu wa pwani tunajua uzito wa mgeni, hatuhitaji kufundishwa. Bata yule alipikwa kwa ajili ya anayebisha hodi. Mtawa mwenyewe, ukimwona akila ndani ya ukumbi wao kwa kimya, bakuli lake lina wali, mchicha wa Kichina, tofu na kachumbari ya figili. Bata yuko nje, mgahawani, kwa ajili yangu na yako.

Na hata nje ya dini, kuiita soya kwa jina la nyama kulikuwa jambo la mapenzi. Katika kitabu kimoja cha karne ya 10, ambamo tofu imetajwa kwa maandishi mapema kuliko popote tunapojua, imo habari ya naibu mkuu wa wilaya ya Qingyang aliyekuwa mwaminifu kiasi cha kushindwa kununua nyama. Kila siku alituma anunuliwe vipande vichache vya tofu. Wenyeji wakaibatiza tofu jina: kondoo mdogo wa naibu mkuu.

Mgahawa wenyewe, kwa maana ya duka ambalo mtu yeyote anaingia, analipa na kula chakula kisicho na nyama, unaonekana waziwazi katika nasaba ya Song. Meng Yuanlao aliishi Kaifeng, mji mkuu, mpaka ulipotekwa na Wajurchen mwaka 1127. Akakimbilia kusini, na mwaka 1147, kwa uchungu wa mtu aliyepoteza mji wake, akaandika kila alichokumbuka, barabara kwa barabara, duka kwa duka. Kati ya mahoteli anayoyataja yamo yanayouza milo isiyo na nyama, anasema, kama ile ya hekaluni. Zaidi ya miaka mia baadaye Wu Zimu akaandika juu ya Hangzhou, na orodha yake ya vyakula hivyo ni ndefu kupita kiasi. Yumo humo bata wa kuchoma wa kuigiza. Mama alikuwa amekula chakula chenye umri wa zaidi ya miaka mia saba.

Wu Zimu anasema maduka hayo yaliwafaa walioshika zhai wasije wakaivunja. Neno hilo zhai ni la kutazamwa. Ni kujizuia, kujitakasa kwa kuacha vyakula fulani. Chakula cha watawa kinaitwa kwa neno hilo. Na Waislamu wa China wanapotaja mwezi wa Ramadhani husema zhaiyue, mwezi wa zhai. Kwa hiyo pale Guangzhou, Mnara wa Taa na Mnara wa Maua, ambayo imani zake ziko mbali kama mbingu na ardhi, inatumia neno moja kwa kitendo cha mtu kuurudisha mkono nyuma kutoka kwenye sahani.

Mapishi haya yana siri nyingine ambayo kitabu hakikunipa. Nilipozoeleka pale mgahawani, mama wa jikoni, ambaye wote tulimwita Ayi kama wanavyowaita Wachina wanawake wa rika la mama mdogo, aliniruhusu niingie asubuhi moja kumwona akitengeneza nyama ya ngano. Alikanda unga na maji na chumvi kidogo, donge gumu kuliko la chapati, akalifunika kwa kitambaa kilicholoweshwa maji akaliacha likae. Baada ya saa nzima akaliweka ndani ya beseni la maji baridi, akaanza kulifinya.

Maji yakageuka meupe kama tui. Sisemi kama tui kwa kutafuta mfano. Mikono yake ilifanya hasa kinachofanywa na mikono ya bibi yangu kwenye machicha ya nazi: kufinya, kulegeza, kukusanya, kufinya. Tui la kwanza zito, akalimimina kwenye ndoo. La pili jepesi. La tatu, la nne. Donge likawa linapungua na kuchakaa, likaonekana kama linataka kusambaratika lote, nami nikadhani ameliharibu. Ayi akaendelea. Kwenye maji ya sita au ya saba lile donge lilijishika ghafla, likawa kitu kingine: kijivu cha manjano, chenye nyuzi, kinachovutika kama mpira na kurudi. Kichina huliita mianjin, kano za unga. Wanga wote umekwenda na maji, na kilichobaki ni ile nguvu inayofanya chapati ivutike isikatike. Ukiikaanga vipande vidogo inajaa hewa kama andazi. Ukiiacha iumuke kisha ukaipika kwa mvuke inakuwa na vitundu kama sifongo, inanywa mchuzi wote. Yale maji meupe hayamwagwi. Wanga hutuama chini ya ndoo, hukaushwa, na ndio unaotengeneza zile ngozi za sambusa za mvuke za Guangzhou zinazoona mpaka ndani.

Mwanazuoni Shen Kuo, katika karne ya 11, alikwenda kuangalia wafua vyuma ili aelewe chuma cha pua ni nini. Akaandika kwamba chuma cha pua kimo ndani ya chuma cha kawaida kama kano zilivyomo ndani ya unga: uoshe unga mpaka ulaini wote uishe, kano zitaonekana. Mtu hachukui mfano kutoka kwenye jambo ambalo wasomaji wake hawalijui. Basi wakati ule kazi hii ya Ayi ilikuwa tayari ya kila siku.

Turudi kwa Mama na sinia lake. Alipokula nusu alisema, "Kitamu, ila kuna kitu hakipo." Aliendelea kutafuna akitafuta. "Kitunguu! Hakuna kitunguu. Wala thumu."

Ni kweli. Kanuni za Wabudha wa China zinaacha mboga tano za harufu kali pamoja na nyama. Inasemwa kwamba zikiliwa mbichi huleta hasira, zikiliwa zimepikwa huamsha matamanio, na mtu anayetaka kutuliza nafsi hazimsaidii. Nne ni za ukoo wa vitunguu: thumu na aina tatu za vitunguu, pamoja na vile vya majani. Ya tano iliwatesa wafasiri wa Kichina kwa karne nyingi, kwa sababu kwao haikuota. Wakaandika tu sauti yake kutoka Kisanskriti, xingqu, na wasomaji wengi wakabaki wakibahatisha. Lakini msomaji wa pwani akiambiwa hahitaji kubahatisha. Ni mvuje. Ule ule unaofungwa kwenye kitambaa akavishwa mtoto mchanga, ule unaonuka duka zima la dawa za asili Mombasa na Unguja. Nilipomweleza Mama kwamba kitabu cha watawa kimekataza mvuje, alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hao wanajua vitu," akasema.

Wakazi wa Nairobi na Mombasa waliowahi kualikwa na majirani zao Wajaini, wale wa jamii ya Oshwal, watakuwa wamekutana na chakula kisicho na kitunguu wala thumu. Sababu zao ni nyingine, lakini ulimi unapata mshangao ule ule. Ayi huziba pengo hilo kwa tangawizi nyingi, uyoga mkavu uliolowekwa usiku kucha, na maji ya huo uyoga, ambayo hayatupi kamwe.

Miaka mitatu baada ya ile Ijumaa nilipata safari ya Shanghai, nikaenda barabara ya Nanjing Magharibi kwa ajili ya mgahawa mmoja tu. Unaitwa Gongdelin. Gongde ni thawabu, lin ni msitu: Msitu wa Thawabu. Ni neno lile lile ambalo Mfalme Wu aliambiwa hana hata chembe yake. Ulifunguliwa mwaka 1922 na Zhao Yunshao, Mbudha ambaye hakuwa mtawa, mfuasi wa mwalimu wa Hangzhou. Nasisitiza kwamba hakuwa mtawa. Shanghai ya wakati ule ilikuwa mji wa mabenki, sinema na mitaa iliyotawaliwa na wageni, na humo walikuwamo wafanyabiashara waliokuwa Wabudha wa dhati bila kunyoa vichwa. Walihitaji mahali pa kufanyia karamu ya harusi, mkutano wa biashara, siku ya kumbukumbu ya marehemu, bila kuchinja na bila kuonekana wanyonge mbele ya wenzao. Zhao aliwapa meza hiyo.

Niliagiza kaa. Watu wa Shanghai wana wazimu wa kaa wa majira ya vuli, na Gongdelin wanao wa kwao wasiokuwa na gamba. Ni viazi mviringo na karoti zilizochemshwa, zikapondwa, zikakaangwa kwa mafuta pamoja na vipande vyembamba vya uyoga. Manjano ya karoti ndiyo mafuta ya kaa, weupe wa kiazi ndio nyama yake. Mpaka hapo ni viazi tu. Kinachokamata ni kitu cha mwisho: tangawizi iliyokatwakatwa ndogo na siki nyeusi, vile vile vinavyoliwa pamoja na kaa wa kweli. Harufu ya siki na tangawizi ikifika puani, kumbukumbu ya kaa inakuja yenyewe. Pembeni yangu mzee mmoja alikuwa anakula sahani ile ile polepole, na mjukuu wake akimuuliza maswali kama ya Mama.

Njia haikuwa nyeupe tangu Zhao mpaka mzee yule. Mwaka 1966 Mapinduzi ya Utamaduni yalianza, mahekalu yakafungwa, sanamu zikavunjwa, watawa wakarudishwa vijijini. Kula zhai kwa nia ya dini kukawa jambo la kufichwa ndani ya nyumba. Milango ilianza kufunguliwa tena mwishoni mwa miaka ya sabini. Mwaka 1984 Gongdelin ikapata tawi Beijing. Nadhani kilichookoa mapishi haya ni majiko ya majumbani, ya akina mama waliokuwa hawasemi kitu ila tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi mwandamo nyama haikuonekana mezani. Desturi ya siku hizo mbili ndiyo inayoyalisha mahoteli haya mpaka leo kuliko wageni wote wa kutoka Ulaya na Marekani.

Wageni hao nao wapo, na ni wengi kuliko nilipoanza. Ni wale wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama, si nyama tu, hata maziwa, mayai na asali. Katika miji mingi wanateseka. Hapa wanakaribia kuwa nyumbani, kwa sababu moja nyepesi: jiko la Wachina walio wengi halikuwa na mazoea ya maziwa wala siagi, kwa hiyo ukitoa nyama na mayai unabaki na mimea mitupu. Lakini wasiende kwa kufumba macho. Kanuni za hekalu hazikatazi maziwa, na migahawa ya siku hizi inaoka keki, inatia maziwa kwenye chai, na baadhi ya nyama za kuigiza za kiwandani hushikanishwa kwa ute wa yai. Taiwan wamelishughulikia vizuri. Tangu 2009 sheria yao inataka bidhaa inayojiita ya wasiokula nyama iandikwe kwenye pakiti ni ya kundi gani kati ya matano: mimea mitupu bila zile mboga tano za harufu, yenye mayai, yenye maziwa, yenye mayai na maziwa, au ya mimea ila ina vitunguu au thumu. Natamani nchi nyingine ziige.

Kwa Mwislamu mwenzangu anayekwenda China nina neno moja la ziada. Karibu na hekalu utakula kwa raha. Lakini ipo migahawa ya mijini inayojitangaza haina nyama na haihusiki na dini yoyote, na huko mpishi anaweza kutia divai ya kupikia bila kuwaza. Uliza. Neno la divai hiyo ni liaojiu, na ukilitaja watakuelewa mara moja. Ukitaka mimea mitupu sema quan su.

Mama ameshakwenda Guangzhou mara kumi na moja. Hanihitaji tena kwa chakula, anajua njia kutoka Mnara wa Taa hadi Mnara wa Maua kuliko mimi, na Ayi akimwona mlangoni humwandalia bata kabla hajaketi. Nilipompa jibu la swali lake, miaka ile yote ilipokwisha kupita, alisema alishalijua siku nyingi.

Nawe ukipanga kwenda, tazama kwanza kalenda ya Kichina. Ikiwa ni tarehe mosi au 15 ya mwezi wao, fika kabla ya saa tano na nusu asubuhi. Ukichelewa utawakuta mabibi wa mtaa wamejaza meza zote, nao hawaondoki mapema.